Usiku 3 Ayder kwa lira 2,000, na 90 za kukopa

Safari hii niliianza kwa kosa la jiografia. Nilisoma kwamba Ayder, kijiji cha milimani kaskazini-mashariki mwa Uturuki, iko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari, nikacheka peke yangu chumbani. Lushoto mjini, nilikokulia, ni mita 1,400 hivi. Nikamwandikia shoga yangu wa Unguja anayesoma Istanbul: "Usiogope baridi, ni kama kwetu tu. Beba sweta moja." Ujumbe huo bado anao kwenye simu yake, na kila tukigombana anautoa kama ushahidi mahakamani.

Mimi nasoma mambo ya misitu Trabzon, huku kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, kwa pesa za ufadhili ambazo zikifika tarehe 10 zinaniaga tarehe 20. Kila mwanafunzi wa hapa ana hadithi ya yayla aliyopanda na wenzake. Yayla ni malisho ya juu milimani. Watu wa ukanda huu walikuwa wanapandisha ng'ombe huko kiangazi, wanakaa kwenye nyumba za mbao, wanatengeneza siagi na jibini, halafu wanashuka kabla ya theluji. Bado wapo wanaofanya hivyo, ila siku hizi wanaopanda wengi ni watu wa kamera. Mimi miaka miwili nimepita chini ya milima hiyo bila kupanda, nikidhani ni mambo ya wenye pesa.

Septemba 2023 nikaamua. Dola moja ilikuwa lira 27 hivi, maana yake lira moja ilikuwa kama shilingi 90 na kitu za kwetu. Nikajiwekea lira 2,000, karibu shilingi 185,000, kwa usiku tatu. Natoa namba hizi ili mwone uwiano wake, msije mkazishika kama bei za leo. Lira ya Uturuki ukilala nayo unaamka nayo imepungua.

Kwa nini Septemba? Kwa sababu Julai na Agosti milima ya Rize na Trabzon inajaa wageni kutoka Saudia, Kuwait, Oman na kwingineko Ghuba, wanaokimbia joto la kwao. Hadi vibao vya migahawa vimeandikwa Kiarabu. Mwenye nyumba ya wageni mwenye akili timamu hawezi kukupunguzia wewe mwanafunzi wakati nje kuna familia ya watu 9 wanaotaka vyumba vitatu kwa wiki nzima. Na siku za Idi ndiyo kabisa, Waturuki wenyewe wote wako barabarani. Katikati ya Septemba shule zimefunguliwa, wageni wamepungua, na vyuo vingi havijaanza.

Kuhusu mahali, tulibishana. Shoga yangu alitaka Pokut, yayla nyingine, kwa sababu ya zile picha za nyumba za mbao zilizosimama juu ya bahari ya mawingu. Pokut iko juu zaidi, imevuka mita 2,000, na njia yake ya mwisho ni mbovu. Usipokuwa na gari la kupanda milima unakodisha. Ukifika, hakuna mtaa wa migahawa, kwa hiyo chumba kinauzwa pamoja na chakula cha jioni, kile wanachokiita yarım pansiyon. Nikapiga hesabu, nikaiacha Pokut ibaki kwenye picha. Uzungöl iko karibu zaidi na Trabzon, lakini ziwa lenyewe limezungukwa na hoteli kama mashabiki na uwanja. Ayder ilishinda kwa jambo moja lisilo la kishairi: dolmuş inafika mlangoni. Dolmuş ndiyo daladala ya huku, na kwa mtu wa lira 2,000 mahali pasipo na daladala ni pa kuota tu.

Ukurasa wangu wa daftari ulisomeka hivi: basi Trabzon hadi Pazar kwenda na kurudi, 260. Dolmuş Pazar hadi Ayder kwenda na kurudi, 140. Chumba usiku tatu, 900. Bwawa la maji moto, 100. Chakula, 400. Dharura, 200. Jumla 2,000 kamili. Nilijisikia kama waziri wa fedha.

Kutafuta chumba ndiko kulikonifunza Kituruki kuliko darasa. Wakati huo, ukiwa ndani ya Uturuki kulikuwa na tovuti kubwa ya kimataifa ya vyumba ambayo mahakama iliizuia mwaka 2017 kukuuzia vyumba vya humu humu nchini, kwa hiyo wengi tulikuwa tunatumia tovuti za Kituruki au tunapiga simu. Kwa nyumba ndogo za milimani simu ndiyo dawa, kwani nusu yao hazimo kwenye tovuti yoyote. Unatazama ramani, unaona jina na namba, unapiga. Anapokea mama, nyuma yake kuna kuku na redio.

Sharti langu la kwanza lilikuwa kutotuma arbuni kwa mtu nisiyemjua. Wao wanaiita kapora, na kurasa za uongo za kupangisha nyumba zinaishi kwa kapora za watu kama sisi. Ukurasa una picha nzuri kupindukia, bei ya kutupa, halafu mtu anakuharakisha utume nusu "maana kuna mwingine anakitaka". Mimi nilitafuta mwenye kukubali nilipe nikifika. Septemba, siku za kazi, wako wengi.

Nikapiga simu saba. Niliuliza kama kifungua kinywa kimo kwenye bei (kahvaltı dahil mi?), kama maji ya moto yapo saa zote, na kutoka stendi ya dolmuş hadi mlangoni ni mwendo gani. Swali hilo la tatu naliona la maana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu Ayder ni mteremko mmoja mrefu, na nyumba za bei nafuu mara nyingi ndizo zilizo juu kabisa. Mama wa simu ya sita akaniambia lira 600, kifungua kinywa kimo, maji ya moto yapo, dakika kumi kwa mguu. Nikagawa kwa wawili: 300 kila mtu, mara usiku tatu, 900. Nikaandika kwa kalamu ya wino.

Kuna swali moja sikuliuliza. Tutalifikia.

Tulikutana Pazar, mji mdogo wa pwani. Mwenzangu alishuka uwanja wa ndege wa Rize-Artvin, ule uliofunguliwa Mei 2022 juu ya kifusi kilichojazwa baharini. Tiketi yake aliinunua mapema na haimo kwenye hesabu yangu, kila mtu na mzigo wake. Kabla ya kupanda tuliingia BİM, duka lile la bei chee, tukanunua mikate, tambi, jibini, nyanya, zeituni na biskuti. Ukishapanda mlimani, nyanya ile ile inakuwa imepanda dolmuş kama wewe na inadai nauli yake.

Njia inafuata mto Fırtına, maana yake dhoruba, na jina halijakosea. Kushoto na kulia ni chai tupu, imepandwa kwenye miteremko ambayo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Kwetu chai ya Mponde nimeiona tangu utoto, lakini huku walikuwa wanaikata kwa mkasi mkubwa wenye mfuko uliofungwa ubavuni, krap krap, majani yanaangukia humo. Rize ndiko mvua ya Uturuki inakonyesha kuliko kokote, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Juu ya vichwa vyetu zilipita nyaya nyembamba kutoka barabarani hadi nyumba za mlimani. Dereva akasema ni za kupandishia mizigo, chai, unga, hata mtungi wa gesi. Shoga yangu akauliza kama na wageni wanapandishwa hivyo. Dereva akajibu kwa utulivu kabisa kwamba inategemea mgeni.

Tulifika saa kumi na nusu jioni, mvua nyembamba inanyesha, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Dakika kumi za mama zilikuwa zake yeye aliyezaliwa pale. Sisi tulitumia ishirini na tano. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, ghorofa mbili, maua kwenye makopo ya mafuta. Mama akatupokea na chai kabla ya salamu kwisha, akatuita kızım, mwanangu, akachukua vitambulisho vyetu. Hilo msishangae, kila nyumba ya wageni Uturuki inaandikisha wanaolala, kwa hiyo kadi ya ukaazi au pasipoti usiiache bwenini. Halafu akaandika kwenye kikaratasi: 1,200 kwa usiku.

Nikamwambia, teyze (ndivyo huku wanavyomwita mama mtu mzima), tulisema 600. Akasema ndiyo kızım, kişi başı.

Kişi başı. Kwa kila kichwa. Nyumba nyingi za milimani zinauza kitanda na kifungua kinywa kwa kichwa, na mimi nilihesabu kwa chumba kama gesti ya Korogwe. Alikuwa amelitamka neno hilo kwenye simu, sasa nakumbuka, lakini kuku aliwika. Shoga yangu akanitazama bila kusema kitu, na kwa mtu wa Unguja kimya ni matusi makubwa.

Nitasema jinsi tulivyojinasua, kwa sababu kuna cha kujifunza hapo. Sikulalamika. Nilifungua daftari, nikamwonyesha ukurasa wangu wa waziri wa fedha, nikamwambia teyze, sisi ni wanafunzi, pesa ya chumba ni hii, kosa ni langu. Akavaa miwani, akausoma mstari kwa mstari. Akacheka pale penye "dharura". Kisha akatupandisha ngazi hadi darini, kwenye chumba cha dari ya kuinama, vitanda viwili, choo na bafu kwenye ukumbi wa chini. Hiki, akasema, ni 450. Nikamwambia tunakaa usiku tatu na tunalipa taslimu leo. Akasema 420, kwa kichwa, kifungua kinywa kile kile. Nadhani tungeanza kwa kugombana tungelala kwa 600 au tungeshuka na dolmuş ya mwisho, ambayo kwa kweli ilikuwa imeshaondoka.

Sasa baridi. Ndugu zangu, mita ni mita, lakini Lushoto ipo jirani na ikweta na Ayder haipo. Usiku wa kwanza nililala na sweta, koti la mvua, na soksi za mwenzangu, ambaye kwa bahati hakuwa amenisikiliza na alibeba begi la mtu anayehamia Siberia. Chumba cha darini hakikuwa na hita. Hilo ndilo swali nililokosa kuuliza kwenye simu: chumba kina joto, na joto hilo limo kwenye bei? Sehemu nyingine wanakupa hita ya umeme kwa pesa ya ziada. Huku kulikuwa na jiko moja la kuni, soba, sebuleni chini, na wageni wote walilizunguka hadi saa tano usiku. Asubuhi teyze akatuongezea blanketi mbili za sufu, nzito kama mlango, na baada ya hapo tulilala vizuri.

Kifungua kinywa kinastahili aya yake. Waturuki hawanywi chai ya asubuhi na kipande cha mkate wakaondoka. Meza ilikuwa na jibini za aina tatu, zeituni, nyanya, matango, mayai, asali, siagi ya pale pale, jemu ya tunda nisilolijua, mkate wa mahindi, na chai isiyokwisha. Tulifanya kosa moja asubuhi ya kwanza, tukala saa mbili asubuhi kama wanajeshi, na saa saba mchana njaa ikatupeleka mgahawani. Kuanzia asubuhi ya pili tulishuka mezani saa nne kasorobo, dakika za mwisho, tukala taratibu kwa saa nzima. Hapo chakula cha mchana kinafutika kwenye daftari. Jioni ni mkate wetu wa Pazar na zeituni kando ya soba, na teyze hakununa, alituletea na supu ya karalahana. Niliponusa tu nikajua. Ni sukuma wiki! Majani yale yale mapana, yamekatwa, yamechemshwa na maharage na mahindi. Nimevuka bahari mbili kuja kula sukuma.

Siku ya pili mvua haikukatika, tukaenda kwenye maji moto. Kaplıca ya Ayder inatoa maji ya nyuzi 55 kutoka ardhini, wanayapoza kidogo ndipo unaingia, wanawake upande wao na wanaume wao. Ndani mvuke umejaa, sisi tunasengenyana kwa Kiswahili tukijua tuko salama, mara sauti ikatoka pembeni: "Nyie wanangu, mnatoka wapi?"

Bibi wa makamo ya juu, mweupe, kanga kichwani. Nikasema shikamoo kwa hofu. "Marahaba. Mie mtu wa Maskati, lakini nimezaliwa Ng'ambo, Unguja." Aliondoka angali mtoto wa shule. Shoga yangu akamtajia mtaa wa kwao, bibi akamtajia mtaa wa pili yake, wakaanza kuulizana nani jirani ya nani, na mimi mtu wa Lushoto nikabaki kuelea. Bibi akauliza tunalipa ngapi tunakolala. Tulipomwambia akapiga makofi kwenye maji: "Wanangu mnalipa hivyo? Mwanangu amenilaza hotelini kwa mara nane, na blanketi ni jembamba!"

Siku ya tatu mbingu ilifunguka. Hapo ndipo nilipoona kwamba daftari langu lilisahau kitu kikubwa: ukifika Ayder unataka kwenda juu zaidi. Juu kidogo ya kijiji kuna maporomoko ya Gelin Tülü, shela la bibi harusi, hayo unayaona bure kutoka barabarani. Lakini Yukarı Kavrun, yayla iliyo zaidi ya mita 2,200, ni kilomita 13 hivi za njia ya mawe, na minibasi ya asubuhi ilikuwa lira 100 kwenda tu. Nikatoa dharura. Kavrun ni nyumba za mawe na mbao, ng'ombe, moshi, kijito cha maji ya barafu, na mbele yako ukuta wa milima ya Kaçkar, ambayo kilele chake kirefu kinapita mita 3,900. Tulikutana na vijana wenye kamba na viatu vya chuma wakielekea huko. Wakatuuliza tunatoka wapi, tukasema Tanzania, wakasema aa, Kilimanjaro, mmeshapanda? Tukatazamana. Shoga yangu akajibu kwamba Unguja hakuna hata kichuguu, na mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Lira 100 za kurudi tulizihurumia, tukashuka kwa miguu. Saa nne za kuteremka, magoti yanalia, lakini misitu ile, misonobari na miti ya majani mapana iliyofunikwa kuvumwani, kwangu ilikuwa darasa. Nilikuwa nasimama kila mti, mwenzangu ananisubiri mbele akipiga miayo kwa makusudi.

Jioni ya mwisho tukajiruhusu sufuria moja ya muhlama, lira 180, tugawane. Ni unga wa mahindi uliokaangwa kwenye siagi, ukamwagiwa maji, ukatiwa jibini hadi unavutika kama ubani wa kutafuna. Unachovya mkate. Shoga yangu alisema ni ugali uliopata ufadhili wa masomo.

Hesabu ya mwisho ni hii. Basi 260, dolmuş 140, chumba 1,260, maji moto 100, Kavrun 100, chakula 230. Jumla 2,090. Tisini nilizokopa nililipa mwezi uliofuata, na riba yake ilikuwa kusikiliza ule ujumbe wa sweta ukisomwa kwa sauti.

Asubuhi ya kuondoka teyze alinipa mfuko wa unga wa mahindi, wa njano, uliokaushwa kwenye tanuri kabla ya kusagwa, unanukia kama mahindi ya kuchoma. Nikaufikisha bwenini, nikachemsha maji, nikasonga ugali wangu mgumu, nikapika na karalahana ya sokoni kando. Jirani yangu wa chumba, mtu wa Rize, akaja kwa harufu, akauchungulia, akauzunguka, akaubonyeza kwa kidole.

"Jibini iko wapi?" akauliza. "Ulimaliza pesa?"